Jiko la Moshi kwa Pipa Kuukuu

Ndugu Wanachama,

Wengi wameniuliza habari za jiko la kukaushia samaki kwa moshi. Hutwaliwa pipa la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kula, likakatwa mfuniko kwa patasi, likatobolewa matundu chini ya kupitisha hewa. Huchomwa tupu kwanza hata rangi iishe. Kisha huwekwa makumbi ya nazi, na juu wavu wa chuma.

Pipa la petroli msiliguse: hata likiwa tupu, mvuke wake hulipuka. Lililopakwa zinki nalo, likipata moto mkali, hutoa moshi wa sumu.

Jiko liwe mbali na majamvi. Karafuu hushika harufu ya moshi, na taabu ya msimu ikapotea.

Katibu