Je, Wajua? Njia ya Uhuru Ilivyopita Meru na Embu

Masimulizi ya uhuru wa Kenya huzoea kuzunguka Nyeri, Kiambu na Nairobi. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya una yake pia, na mengi yana kinaya kimoja: kile Mwingereza alichokiweka ili kuwatuliza watu wa Meru na Embu ndicho kilichowapa nguvu, au sababu, ya kumkataa.

Je, wajua kwamba walowezi wa Kizungu walipanga kuiasi London miaka 30 kabla ya vita vya Mau Mau?
Kabla ya kufika Meru na Embu, tuanze na walowezi. Mwaka 1922 na 1923 walowezi wa Kenya walisikia kwamba Uingereza ilifikiria kuwapa Wahindi haki sawa na zao. Wakaunda kamati ya siri, wakapanga kuiteka reli na simu, na kumkamata Gavana Robert Coryndon. Walikuwa wameshamchagulia hata mahali pa kumzuilia: shamba la mbali lenye mto mzuri wa kuvulia samaki, asije akachoka na upweke! Walifanana na walowezi wa Marekani wa mwaka 1776, waliochoka kuamriwa na serikali ya ng'ambo. Mpango haukutekelezwa. Julai 1923 London ilitoa Waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na masilahi yao ndiyo yatakayotangulia. Uhuru waliouota walowezi ulikuwa wa kuwatawala wengine bila kuulizwa, na waraka ule ukaufungia mlango.

Je, wajua kwamba Embu iliingiwa kwa bunduki, Meru kwa mazungumzo?
Mwaka 1906 jeshi la Mwingereza liliwashambulia Waembu, likaua watu na kuswaga maelfu ya mifugo. Kituo cha serikali kikajengwa papo hapo Embu. Miaka miwili baadaye afisa E. B. Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi, alifungua kituo cha Meru bila vita. Wazee wa Meru walikuwa wameshapata habari za yaliyowafika majirani zao.

Je, wajua kwamba kahawa ya Mwafrika ilianzia pembezoni?
Kwa miaka mingi walowezi walipinga Waafrika kulima kahawa. Walisema magonjwa ya mimea yataenea na wezi wataongezeka. Hofu kubwa zaidi ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kupalilia ya mwenzake. Katika miaka ya 1930 serikali ilikubali kufanya majaribio, ikachagua Meru, Embu na Kisii, kwa kuwa maeneo hayo yalikuwa mbali na mashamba makubwa ya Wazungu. Wakikuyu wa Kiambu, walioishi ua kwa ua na walowezi, waliendelea kukatazwa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Basi mkulima wa Meru alipata mapema fedha za karo, na ushahidi kwamba sababu za walowezi zilikuwa visingizio.

Je, wajua kwamba herufi tatu zilitosha kumpeleka mtu kizuizini?
Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, serikali iliyaweka makabila matatu katika kapu moja: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kwenye makaratasi ya ofisi waliitwa KEM. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, Mmeru aliyekuwa mjini kutafuta riziki alichujwa pamoja na Mkikuyu na Mwembu, hata kama hakuwahi kula kiapo cha Mau Mau. Nyumbani nako watu waliondolewa kwenye maboma yao wakasongamanishwa katika vijiji vyenye walinzi. Wanawake walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wasipate chakula.

Je, wajua kwamba mifereji ya mpunga wa Mwea ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau?
Mwea sasa iko Kaunti ya Kirinyaga, lakini wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Kuanzia mwaka 1954 watu waliozuiliwa bila kufikishwa mahakamani walipelekwa kwenye tambarare hizo kuchimba mifereji ya kuvuta maji ya mito Thiba na Nyamindi. Kambi za Mwea ndimo ilimojaribiwa mbinu ya kuwavunja moyo kwa kipigo wale waliokataa kukana kiapo. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliandika maelezo ya jinsi kipigo hicho kitakavyotolewa, akataja hata viungo vya mwili visivyopaswa kuguswa. Mafaili ya aina hiyo yalihamishiwa Uingereza uhuru ulipokaribia, yakafichwa hadi mwaka 2011.

Je, wajua kwamba wasichana wa Meru walifikishwa mahakamani kwa mamia?
Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo serikali ilikuwa imelikumbatia tangu enzi za Mkuu wa Wilaya H. E. Lambert, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana waliona amri hiyo ni ya Mzungu iliyovishwa vazi la wazee. Walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakakeketana wenyewe. Kati ya mwaka 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wakiwamo wasichana na wazazi wao, walishtakiwa. Leo Kenya huru ina sheria yake ya mwaka 2011 inayoharamisha tendo hilo, lakini safari hii iliyotunga sheria ni bunge la Wakenya wenyewe.

Je, wajua kwamba “kura ya watiifu” iligeuka?
Machi 1957 Waafrika walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, aliyeruhusiwa kupiga kura ni yule tu aliyekuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba hakuwa upande wa Mau Mau. Wameru walipata vyeti kwa wingi kuliko Wakikuyu, na mwenzao, Bernard Mate, akamshinda Eliud Mathu, mkongwe wa Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ilitarajia mtu mpole. Mate alijiunga na wenzake saba, akina Tom Mboya na Oginga Odinga, wakakataa vyeo vya uwaziri na kudai viti zaidi. Viti vilipoongezwa mwaka 1958, Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia.

Je, wajua kwamba ardhi iliwatenganisha mpiganaji na waziri, wote Wameru?
Musa Mwariama na Baimungi M'Marete, viongozi wa Mau Mau waliojulikana kama Field Marshal, walitoka msituni Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963. Waziri wa Ardhi na Makazi alikuwa Mmeru mwenzao, Jackson Angaine. Wizara yake ilisimamia mpango wa kununua mashamba ya walowezi na kuwagawia wananchi, ambao walitakiwa kulipa. Baimungi hakuelewa kwa nini mtu anunue shamba alilolipigania. Alirudi msituni, na mwaka 1965 akauawa na askari wa serikali ya Kenya huru.

Je, wajua kwamba Mau Mau ilibaki haramu kwa miaka 40 ya uhuru?
Marufuku iliyotolewa na wakoloni mwaka 1950 haikufutwa na Kenyatta wala Moi. Ilifutwa mwaka 2003, chini ya Mwai Kibaki. Baada ya hapo ndipo wapiganaji wazee walipoweza kujisajili kama chama na kuishtaki Uingereza. Juni 2013 London ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mwariama hakuwamo. Alikuwa amefariki mwaka 1989, na kwa mujibu wa sheria za nchi aliyoikomboa, alikufa akiwa mwanachama wa kundi lililopigwa marufuku.