Shina Linaloshuka Hadi kwa Mchwa

Mvua ya masika ikishalowesha ardhi siku chache, kati ya Machi na Mei, nyufa ndogo huanza kuonekana kuzunguka vichuguu vya Migori na Homa Bay, nchini Kenya. Kuna kitu kinasukuma udongo kutoka chini. Kesho yake kofia zimeshatokeza, kahawia iliyokoza katikati na kufifia ukingoni, kila moja ikiwa na chuchu ngumu utosini. Chuchu hiyo ndiyo iliyotoboa njia. Wajaluo huuita uyoga huu obuolo, na anayechelewa kuamka hukuta mashimo tu.

Kwa haki kabisa, obuolo ni mali ya mchwa. Mchwa wa kundi la Macrotermes hutafuna nyasi na miti mikavu, lakini matumbo yao hayawezi kumaliza kazi. Kwa hiyo hujenga masega kwa kinyesi chao ndani ya kichuguu na kuotesha humo kuvu linalolainisha kile kilichowashinda, kisha wakala; obuolo ndio tunda la kuvu hilo. Kilimo hicho kina umri wa takriban miaka milioni 30. Mfaransa Roger Heim alilipa kuvu hilo jina la Termitomyces mwaka 1942, na mwaka 1980 aina ya Zambia iliandikwa kwa jina la titanicus: kofia yake hufikia upana wa mita moja, mwavuli halisi wa kujikinga mvua. Binadamu, pamoja na maabara zake, bado anasubiri mchwa wamwoteshee.

Ndiyo maana kuutambua huanzia ardhini. Anayeng'oa kwa pupa hukata shina usawa wa udongo, na shahidi wake mkuu akabaki shimoni. Afadhali kijiti na subira. Ukifukua taratibu, shina linaendelea kushuka, likikonda kama mkia wa panya, mpaka lifike kwenye sega lenyewe, wakati mwingine chini kuliko urefu wa mkono.

Sasa tazama jirani wa obuolo. Wiki hiyohiyo, kwenye nyasi za uwanja wa shule au za boma, huota uyoga mnene, mweupe, wenye magamba ya kahawia na pete inayoteleza kwenye shina. Unavutia kweli. Huu ni Chlorophyllum molybdites. Ukiuvuta hutoka mzima, kitako kimevimba kidogo, mkia hamna. Aliyeula hutapika na kuharisha, mara nyingi ndani ya saa 1 hadi 3. Lakini pete peke yake haimshtaki mtu, kwa sababu baadhi ya ndugu wa obuolo nao wana pete, na wengine wana magamba.

Kinachomaliza ubishi ni rangi ya mbegu. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na humo hudondoka mbegu, unga laini sana. Kata shina, laza kofia kwenye karatasi, kurasa zikitazama chini, funika kwa bakuli, acha usiku kucha. Obuolo huacha alama ya waridi hafifu. Yule wa uwanjani huacha kijani. Macho matupu hudanganywa hapa, kwani kurasa zake zikiwa changa ni nyeupe kama maziwa, na ukijani huja baadaye.

Kundi la kuogopwa zaidi ni Amanita, ambalo huishi na mizizi ya miti kama misonobari. Mmoja wao, Amanita phalloides, ulisafiri na miti kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini. Hapa tena jibu limefichwa udongoni: kitako kimekaa ndani ya kifuko cheupe. Sumu yake haiharibiki kwa kupikwa. Hukaa kimya kwa saa 6 au zaidi, humtapisha mgonjwa, humwacha apate nafuu ya uongo, huku ini likiendelea kuharibika. Wanaoamini kwamba uyoga uliotafunwa na konokono ni salama wajue kuwa konokono huula huu bila kudhurika. Kijiko cha fedha na kitunguu vinavyotiwa kwenye sufuria ili kupima sumu navyo havijui lolote. Mgonjwa akikimbizwa hospitalini, kipande kibichi kilichobaki kiende naye.

Kuna uyoga mmoja unaovunja kanuni ya mkia. Termitomyces microcarpus ni mdogo kama kifungo cha shati, na huota kwa mamia pamoja, kana kwamba mtu amemwaga mchele. Mchwa hutoa nje vipande vya masega ya zamani, na uyoga huota juu yake palepale. Ukiinua kishungi kimoja polepole kwa ncha ya kisu, shina ni fupi, na chini yake kumeganda chembe za sega, kahawia na laini, zikivunjika vidoleni.