Diski ya TB 1 Inaposoma GB 931: Je, Muuzaji Ametupunja?

Anayeishi Jambiani akitaka diski mpya ya SSD huenda akalazimika kupanda daladala hadi mjini, zaidi ya kilomita 50, azunguke madukani na kurudi jioni. Akiichomeka diski ya TB 1 kwenye kompyuta na kuona GB 931, neno la kwanza kumjia ni “nimeibiwa”. Neno hilo ni zito, maana linagusa jina la mwenye duka. Maandiko yanakataza mizani ya udanganyifu, na yanakataza pia kumshuhudia jirani uongo. Basi kabla ya kurudi dukani kudai fedha, tutafute chanzo.

1. Vipimo viwili, jina moja

Ukinunua kitenge cha yadi 6 kisha ukakipima kwa mita, utapata mita 5 na nusu hivi. Hakuna aliyekata kitambaa. Kilichobadilika ni kipimo. Ndivyo ilivyo kwa diski.

Kiwanda huhesabu kwa makumi: gigabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu, kwa hiyo gigabaiti yake ni baiti 1,073,741,824. Baiti ni zilezile, ila fungu la Windows ni kubwa zaidi, na mafungu makubwa huwa machache. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilikipa kipimo hicho kikubwa jina lake, gibibaiti, lakini Windows inaendelea kuandika GB. Kompyuta za Mac zilihamia hesabu ya makumi mwaka 2009, ndiyo maana diski hiyohiyo huko husoma TB 1.

Hesabu ya haraka: zidisha GB zilizoandikwa kwenye boksi kwa 0.931.

- GB 256 itasoma takriban 238
- GB 500 itasoma takriban 465
- GB 512 itasoma takriban 476
- TB 1 itasoma takriban 931

Ikiwa namba yako iko karibu na hizi, diski ni nzima na muuzaji hana deni.

2. Nafasi ipo, bali haijagawiwa

Pengine pengo ni kubwa zaidi: diski ya GB 500 inasoma 238. Hili hutokea sana fundi anapohamisha kila kitu kutoka diski ya zamani ya GB 256. Diski mpya hupokea na mipaka ya ile ya zamani, na nafasi iliyobaki hukaa bila kugawiwa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Ukiona ukanda mweusi wenye neno “Unallocated”, nafasi yako ndiyo hiyo. Ikiwa iko mara tu baada ya sehemu ya C, bonyeza C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Extend Volume” na ufuate maelekezo. Ikiwa kuna kisehemu kidogo katikati, usikifute kwa kubahatisha. Huenda ndicho cha kurejeshea Windows. Weka kwanza nakala ya kazi zako, kisha mwite anayejua.

Kwa diski inayozidi TB 2, hakikisha imeandaliwa kwa mfumo wa GPT. Mfumo wa zamani wa MBR kwa kawaida hauvuki kiwango hicho.

3. Diski inayosoma sawasawa na bado ni ya uongo

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo tunapodanganyika kirahisi. Diski bandia haionyeshi namba pungufu. Imetengenezwa ili iseme hasa kilichoandikwa kwenye boksi, au hata TB 16 kwa bei ya kutupa. Nyingine, ukifungua ganda lake, utakuta kadi ndogo ya kumbukumbu tu.

Diski hiyo hupokea mafaili bila kulalamika. Nafasi ya kweli inapojaa, yanayofuata hufuta yaliyotangulia au hupotea, huku majina yake yakibaki kwenye orodha. Siku ya kuyafungua, hayafunguki. Kumbe namba pungufu si ushahidi wa wizi, na namba iliyotimia si ushahidi wa uaminifu. Kinachosemwa hupimwa kwa kilichopo.

Kipimo chenyewe ni rahisi: diski ikiwa bado tupu, ijaze kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huandika data hadi diski ijae, kisha huisoma tena kuona kama imebaki vilevile. Kwa diski kubwa kazi hii yaweza kuchukua saa nyingi. Iache usiku kucha. Ikishindwa, rudi dukani na matokeo pamoja na risiti, ukiongea kwa adabu. Yaelekea mwenye duka naye aliuziwa hivyohivyo.

Kabla ya kuhamisha

Tufikirie tunachoweka humo: picha za kurasa za daftari la ubatizo, rekodi za kwaya, hesabu za jumuiya, tasnifu ya mwaka mzima. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usifute diski ya zamani mpaka mpya imepimwa, na hata baada ya hapo weka nakala ya pili mahali pengine.