Likizo Hii, Mwacheni Achague Mwenyewe

Kila Juni na kila Desemba, shule zikikaribia kufungwa, swali huwa lilelile. Mzazi katoka Mbagala au Bunju, kapanda daladala mbili, anafika kaunta ya maktaba hapa Dar es Salaam kamshika mtoto mkono: "Samahani dada, mna vitabu vya maswali na majibu vya darasa la nne? Huyu yuko nyuma, nataka likizo yote apige maswali." Nikimwelekeza kwenye rafu ya hadithi, ananijibu kwamba mtoto hakuja kucheza.

Kwa upole nimekwisha kulijibu vya kutosha. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu limesimama juu ya imani potofu, na imani hiyo inawala watoto wetu likizo baada ya likizo.

Imani yenyewe ni kwamba mtoto dhaifu dawa yake ni tuisheni, na kitabu cha hadithi ni anasa ya aliyekwisha kufaulu. Serikali imepiga marufuku masomo ya likizo zaidi ya mara moja, lakini matangazo ya masomo hayo bado yanabandikwa kwenye nguzo za umeme, Tandika hadi Tegeta. Ingia uani kwenye kituo kimojawapo uone kinachofanyika. Mwalimu anaandika maswali ubaoni, watoto wananakili. Mwalimu anataja majibu, watoto wananakili tena. Asubuhi nzima inapita na hakuna mtoto aliyesoma ukurasa mmoja mfululizo. Mzazi amelipia kunakili.

Sasa tazameni mtihani unavyomwangusha mtoto huyo. Kigezo kilichowekwa nchini kwa darasa la pili ni kusoma maneno 50 ya Kiswahili kwa dakika. Chukua mtoto wa darasa la nne anayesoma maneno 20, silabi mojamoja, na umpe kifungu cha maneno 200. Atakimaliza kwa dakika kumi, na akifika mwisho mwanzo umekwisha kumtoka, maana akili yake yote imeishia kwenye kuunganisha silabi. Msomee wewe swali hilohilo kwa sauti, atalijibu. Anachokosa ni kasi ya kusoma, na kasi hailetwi na maswali, hata yawe mia tano. Inaletwa na wingi wa kurasa ambazo mtoto amezisoma na kuzielewa. Hakuna mtoto anayesoma kurasa nyingi za kitu kinachomchosha. Kwa hiyo hadithi ndiyo kazi yenyewe ya likizo.

Wala msidhani nazungumzia watoto wachache. Tathmini ya kwanza ya Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto nchini, ya mwaka 2010, ilikuta kwamba katika darasa la tatu, karibu mtoto mmoja tu kati ya watatu aliweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Anayetaka ushahidi, upo. Jimboni Florida, Marekani, Richard Allington, Anne McGill-Franzen na wenzao waliwafuatilia watoto wa shule 17 za maeneo maskini. Kwa likizo tatu za kiangazi mfululizo, kila mtoto alipewa vitabu 12 alivyochagua mwenyewe. Hakukuwa na mwalimu wala maswali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha watoto hao wamewapita wenzao wasiopewa vitabu, na waliofaidika zaidi ni wa familia zenye shida zaidi. Faida yenyewe ililingana na ile ambayo tafiti nyingine zimeipata kwa madarasa ya likizo yenye walimu wa kulipwa. Na asiniambie mtu kwamba hiyo ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka mamia ya vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vyenye picha, katika shule za vijijini huko Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya pili kama kwetu. Baada ya miezi minane, watoto hao walikuwa wamepiga hatua maradufu ya kawaida katika kusoma na kusikiliza.

Habari ya Fiji imfikie hasa mzazi wa mtoto aliyemaliza darasa la saba. Mtihani unaisha Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Miezi hiyo ya katikati wengi huwapeleka watoto kwenye masomo ya matayarisho wakakariri orodha za vitenzi vya Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwa Kiswahili anaingia sekondari na orodha kichwani, hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja cha Kiingereza, hata kile chembamba cha kurasa 16. Hilo linanikasirisha kuliko yote.

Kisha kuna wale wanaomwacha mtoto mlangoni na kuuliza wamfuate saa ngapi. Kaa naye! Kusoma hakuna umri. Nchi hii iliwahi kulijua jambo hili vizuri kuliko tunavyolijua sasa. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilishusha idadi ya wasiojua kusoma kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Walioiendesha walifahamu kwamba mtu aliyefuzu kisomo akikosa cha kusoma atasahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti kama Elimu Haina Mwisho, lililoanza Kanda ya Ziwa mwaka 1974. Mkulima alipewa gazeti la kusoma, na mtoto aliye likizoni anahitaji kitu hichohicho.

Basi mfanye nini? Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto: nendeni, ulizeni uanachama na utaratibu wa kuazima, mjiandikishe wote. Kutoka Chamazi au Madale ni mbali, najua, kwa hiyo iwe safari moja kila wiki mbili. Kinondoni mnao mkahawa wa vitabu wa Soma, pale Mikocheni. Mwenye simu apakue hadithi za bure za African Storybook, za Kiswahili na Kiingereza, zisomwe hata bando likiisha. Familia nne za mtaa mmoja zikinunua vitabu vitatu kila moja, tayari ni 12 vya kubadilishana. Uingereza, programu ya likizo ya maktaba iliyoanza mwaka 1999 kwa miaka mingi imemtaka mtoto asome vitabu sita. Anzeni na sita. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba na anasubiri cha tano mpaka Julai, mpeni Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla au Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Baba asome gazeti mbele ya wanawe. Bibi asiyejua kusoma asomewe na mjukuu. Kitabu kisichompendeza mtoto akiache, na anachokiona rahisi msimnyang'anye, maana kasi hujengwa na vilivyo rahisi. Akimaliza, msimhoji, muulizeni tu kama anataka kingine.

Tena shule nyingi zina vitabu vya ziada vinavyokaa kabatini hadi shule zifunguliwe. Kamati za shule za Temeke na Kinondoni, wekeni ajenda moja kabla ya kufunga muhula: ufunguo wa kabati la vitabu likizo hii utakaa kwa mzazi gani, na nani ataandika daftari la kuazima.