Kutoka Geneva hadi Kasoli: Safari ya Azimio kuhusu Kichocho

Geneva ni mji wa Uswisi usio mkubwa, wala si makao makuu ya nchi hiyo. Hata hivyo, mambo mengi ya mataifa huamuliwa humo. Kamati ya Msalaba Mwekundu ilianzishwa huko mwaka 1863, na Shirika la Afya Duniani lina makao yake humo tangu lilipoundwa mwaka 1948. Kila mwaka nchi wanachama hukutana mjini humo katika Mkutano Mkuu wa Afya, na kila nchi, tajiri au maskini, ina kura moja.

Mwaka 2001 mkutano huo uliazimia kwamba angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari ya kichocho na minyoo ya tumbo watibiwe mara kwa mara. Azimio si amri. Hupata nguvu pale Wizara ya Afya inapoligeuza kuwa mpango, na mpango huo ukapita mkoani Simiyu na wilayani Bariadi hadi kufika kijiji kama Kasoli. Huko huonekana katika sura ya kijiti cha kupimia kimo cha mwanafunzi, kwa kuwa kimo hukadiria idadi ya vidonge vya prazikwanteli pasipo mizani.

Kiwango hicho kikubwa kina sababu. Mgonjwa asiyetibiwa hurudisha mayai ya kichocho majini kwa mkojo au kinyesi. Konokono huyapokea mabuu yake, na wenzake huambukizwa upya.

Mwaka 2022 Shirika lilipanua mwongozo wake: penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, tiba ya kila mwaka itolewe kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Hivyo mkulima wa mpunga na mama afuaye nguo mtoni nao wanahusika.

Mzazi na ajue kwamba damu katika mkojo si dalili ya kubalehe. Mtoto ale kabla ya kumeza dawa. Kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo yakitokea, kwa kawaida hupita upesi. Mhudumu naye akumbuke kwamba kichocho cha via vya uzazi vya mwanamke hufanana na magonjwa ya zinaa. Amuulize mgonjwa kuhusu maji anayotumia kabla ya kuhitimisha. Dawa haizuii maambukizi mapya, kwa hiyo choo na maji salama vinabaki kuwa vya lazima.