Kisu Butu Ndicho Chenye Hatari

Wazee walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Maneno hayo husemwa mara nyingi kwa mafumbo, lakini jikoni ni kweli tupu, wala hayana fumbo lo lote. Mpishi mwenye kisu kikali hukata nyama yake vipande safi, na kabla maji hayajachemka kazi imekwisha. Mwenye kisu butu huvuta na kusukuma, na mwisho wake nyama imechanika ovyo, nyanya zimemwaga maji yake yote juu ya ubao, na huenda kidole nacho kina jeraha.

Jambo hilo la mwisho ndilo watu wengi wasiloliamini. Ziko nyumba ambamo visu huachwa viwe butu kwa makusudi, kwa ajili ya watoto. Mzazi husema, “Kisu kikali kitamkata mtoto,” naye hukiacha kama kilivyo mwaka baada ya mwaka. Fikira hiyo ni ya upendo, lakini ina kosa ndani yake. Kisu kikali huingia pale pale kilipowekwa, bila kutumia nguvu. Kisu butu huteleza juu ya ganda la kitunguu, na kwa sababu hiyo mwenye kukishika huongeza nguvu. Kinapoteleza tena, nguvu zote hizo huenda upande wa mkono wa pili, ule ulioshika kitunguu. Kisu kilichoshindwa na ngozi ya nyanya huweza, kwa nguvu hizo, kukata kidole mpaka ndani, na jeraha lake mara nyingi huwa la kuchanika, ambalo hupona polepole kuliko jeraha la mkato safi.

Mama aliyeumia kidole namna hiyo hawezi kukamua ng'ombe wala kufua vizuri kwa siku kadhaa, na kijana wake karani hawezi kupiga taipu. Zaidi ya hayo, jeraha lililoingia uchafu laweza kuleta pepopunda. Yapasa lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, libanwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, na mtu aende zahanati kuuliza kama anahitaji sindano ya kumkinga. Hayo yote ni gharama ya kisu kisichonolewa. Ama watoto, kinga yao ni kukiweka kisu mahali pa juu wasipofika, wala si kukinyima makali.

MAKALI HUPOTEAJE?

Makali ni mahali ambapo nyuso mbili za bapa la kisu hukutana. Yakiwa mapya, mahali hapo ni pembamba mno hata jicho haliwezi kupaona. Chukua kisu, elekeza makali yake juu, ukitazame chini ya taa au kwenye mwanga wa dirisha. Kikiwa kikali, hutaona kitu cho chote kinachong'aa ukingoni. Kikiwa butu, utaona mstari mwembamba unaometa mfano wa uzi wa fedha. Maana yake ni kwamba ukingo umekuwa mpana, nao unarudisha mwanga. Kipimo hiki hakidanganyi, wala hakimlazimishi mtu kupitisha kidole chake juu ya makali.

Mambo matatu huyaharibu makali. Kwanza, ukingo hujikunja upande mmoja kwa kugonga ubao kila siku. Pili, hulika kwa kukutana na vitu vigumu kama vile sahani, kioo, sufuria na mifupa, au makopo ambayo watu hupenda kuyafungua kwa kisu. Tatu, unyevu, chumvi na maji ya limau huleta kutu, nayo kutu huula ukingo taratibu.

Kwa habari ya kutu, visu vingi vya siku hizi vimepata msaada mkubwa. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma cha pua kilichochanganywa na kromu, ambacho hakishiki kutu upesi. Chuma cha namna hiyo huwa na kromu zaidi ya sehemu 10 katika kila sehemu 100. Lakini watu wengi wakiona kisu kinang'aa hudhani kwamba ni kikali pia. Sivyo hata kidogo. Kung'aa ni jambo moja, na makali ni jambo jingine, na kisu kisichoshika kutu nacho huwa butu kama ndugu zake.

KUCHAGUA KINOO

Kunoa kwa jiwe si desturi ngeni. Karibu na nyumba nyingi za mashambani pana jiwe lililochimbika katikati kwa kunolewa mapanga miaka mingi. Jiwe kama hilo lafaa kwa panga, lakini kisu cha jikoni hutaka jiwe lililo sawasawa juu, kwani juu ya jiwe lenye bonde ni vigumu kukishika kisu kwa pembe ile ile.

Vinoo vinavyouzwa katika maduka ya vyuma mara nyingi huwa na pande mbili, mmoja wa chembe kubwa na wa pili laini. Vingi vimefanywa kwa silikoni kabaidi. Mmarekani Edward Acheson ndiye aliyeitengeneza katika tanuri la umeme, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893. Chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha pua, na ndiyo sababu zinaweza kukimega. Kinoo kikitumiwa vizuri hudumu miaka mingi.

Tupa ni chombo cha panga na jembe, ambavyo chuma chake si kigumu sana. Kwenye kisu cha jikoni tupa hukwaruza tu, au hula chuma kingi bila faida. Asiye na kinoo, naye ana haja ya kukata nyama leo, aweza kugeuza kikombe cha udongo mdomo chini na kutumia ile duara ya kitako isiyong'aa. Itamfaa kwa siku hiyo, lakini si badala ya kinoo.

JINSI YA KUNOA

Tandaza mezani kitambaa kilicholowa, kisha weka kinoo juu yake ili kisiteleze, upande wa chembe kubwa ukiwa juu. Kama ni kinoo cha maji, kiloweke kwanza mpaka mapovu yakome kutoka. Kama ni cha mafuta, kipake mafuta mepesi. Aliyeanza na mafuta aendelee na mafuta, asichanganye na maji. Kazi ya maji au mafuta ni kuuchukua unga wa chuma usije ukaziba matundu ya jiwe.

Sasa tafuta pembe. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, makali yakiwa chini. Hapo pana digrii 90. Kilaze mpaka nusu ya njia, zitabaki digrii 45. Kilaze nusu tena, zitabaki 22 na kitu. Kilaze kidogo tu zaidi, nawe umefika karibu na digrii 20, pembe inayofaa visu vingi vya jikoni. Ikiwa bapa lina upana wa sentimeta 4, mgongo wa kisu utakuwa juu ya jiwe kiasi cha unene wa kidole cha mwisho. Panga, kwa sababu hugonga miti, hutaka pembe kubwa zaidi, ya digrii 25 mpaka 30.

Shika mpini kwa mkono wa kulia, na uweke vidole viwili vya mkono wa kushoto juu ya bapa, mbali na makali. Sukuma kisu mbele kama mtu anayetaka kubandua ganda jembamba juu ya jiwe, ukianzia karibu na mpini na kumalizia kwenye ncha. Usikikandamize kwa nguvu. Kunoa hakuhitaji misuli, huhitaji mkono usiobadilika. Anayesukuma mara hivi na mara vile huuviringisha ukingo, naye ataona ajabu kwamba amefanya kazi nusu saa na kisu ni butu kuliko mwanzo.

Iko njia nyepesi ya kujua kama pembe ni sawa. Paka wino mzito kwenye ukingo wa kisu, kisha sukuma mara tatu au nne na utazame. Wino ukitoka juu tu, mbali na makali, kisu kimelala mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali peke yake, kimesimama mno. Ukitoka wote mpaka mwisho wa makali, pembe ni sawa.

Endelea upande huo huo mmoja mpaka upande wa pili utokeze ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, mfano wa mdomo mdogo. Jicho halitauona upesi, lakini dole gumba litausikia likipitishwa polepole kutoka mgongoni kwenda nje ya makali. Dole lisipitishwe kamwe kwa urefu wa makali. Ukingo huo ndio ushahidi kwamba jiwe limefika mwisho wa chuma, nao lazima usikike tangu karibu na mpini mpaka kwenye ncha. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Husukuma mara kumi upande huu na mara kumi upande ule kwa kuhesabu tu, wakaacha kabla ukingo huo haujatokea. Anayenoa asiulize amesukuma mara ngapi, bali auguse ukingo.

Ukingo ukiisha kutokea wote, geuza kisu ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Kisha geuza kinoo upande wa chembe laini, usukume kwa wepesi zaidi, mara moja huku na mara moja huku. Mwisho, kivute kisu juu ya mkanda wa ngozi, au juu ya gazeti lililokwisha kusomwa na kutandazwa mezani. Kivutwe kinyumenyume, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, mpaka ule ukingo uliojikunja uondoke kabisa.

Kipimo cha mwisho ni nyanya iliyoiva. Kisu kilichonolewa vizuri huingia ndani yake kikivutwa kidogo tu, bila kukandamizwa. Tena mwenye kukata sukuma wiki ataona majani yakianguka membamba kama nyuzi, ilhali jana yalikuwa yakipondeka.

GURUDUMU LA FUNDI

Katika miji ya Kenya wako mafundi wanaozungusha gurudumu la kunolea kwa baiskeli, mtu akikaa juu ya kiti na kukanyaga. Wengi wao ni hodari, na kisu kilichopata pengo kubwa yafaa kipelekwe kwao, kwani kuliondoa pengo hilo kwa kinoo cha mkononi kutamchosha mtu bure. Lakini gurudumu likienda mbio bila maji huleta joto. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umepotea mahali hapo, nacho kisu kitakuwa butu tena baada ya siku chache. Mwenye kisu asione haya kumwomba fundi akichovye majini mara kwa mara. Tena gurudumu hula chuma kingi kuliko kinoo, na kisu kipelekwacho huko kila mwezi huwa chembamba upesi.

KUYATUNZA MAKALI

Makali yaliyopatikana kwa kazi yasipotezwe kwa uzembe. Ukataji wote ufanywe juu ya ubao wa mti, wala si juu ya sahani. Vilivyokatwa visukumwe kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Kisu kisitupwe katika sanduku pamoja na vijiko, wala kisiachwe ndani ya karai la maji ya sabuni, ambamo mkono wa mwingine utaingia bila kukiona. Kioshwe peke yake, kikaushwe na kuwekwa mahali pake. Kisu cha chuma kinachoshika kutu kipakwe mafuta kidogo ya kupikia.

Wauza nyama huonekana mara nyingi wakipitisha kisu juu ya fimbo ya chuma kabla ya kukata. Fimbo hiyo hasa huunyosha ukingo uliojikunja, na haimegi chuma kingi. Kwa hiyo huongeza siku za makali, lakini haiwezi kukifufua kisu kilichokufa kabisa. Hicho kirudi kwenye kinoo.

Nyumba yenye kisu kimoja au viwili haihitaji zaidi ya dakika chache kila baada ya majuma kadhaa, maana kisu kisichoachwa kiwe butu kabisa hunoleka upesi. Na ikiwa yuko mtoto aliyekwisha kuwa na umri wa kusaidia jikoni, basi na akae karibu wakati kisu kinaponolewa. Afundishwe kumpa mwenzake kisu kwa upande wa mpini, kukunja ncha za vidole anaposhika kitunguu, na kuviogopa visu vyote viwili, kile kinachokata na kile kinachoteleza. Mafunzo hayo yatamlinda kuliko kisu butu kilichoachwa mezani kwa kudhaniwa kwamba hakiwezi kuumiza mtu.