Maziwa ya Njiti: Tuipige Hesabu

Maziwa ya mama hayauzwi dukani, ndiyo maana wengi huyaona ya bure. Mama wa Rombo au Machame aliyejifungua njiti na kupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, anajua kwamba si ya bure.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 akiwa na gramu 1,200. Siku ya kwanza huhitaji mililita 60 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani 72 hadi 96 kwa saa 24. Akilishwa kila baada ya saa mbili, anakula mara 12, na kila mlo ni mililita 6 hadi 8. Hazijazi vijiko viwili vya chai. Mama anayelia kwamba hana maziwa kwa kuwa amekamua matone ya dang'a anapaswa kuelezwa hivyo mapema: matone hayo ndiyo mwanzo, na yana kinga.

Mzigo uko kwenye kurudia. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu wiki ya 34 ya mimba. Kabla ya hapo mtoto hulishwa kwa mrija au kikombe. Mama hukamua angalau mara 8 kwa siku, usiku na mchana, maana titi lisilokamuliwa hupunguza maziwa. Kwa dakika 20 kila mara, ni karibu saa 3. Kulisha mara 12, dakika 20 kila mlo, ni saa 4 nyingine.

Siku hizo ni ngapi? Njiti hupungua uzito kwanza, na huweza kuchukua wiki mbili kuurudia. Kisha akiongezeka gramu 15 kwa kilo kwa siku, atafika gramu 1,800, tuseme uzito wa kuruhusiwa kwenda nyumbani, baada ya siku 27 hivi. Jumla ni takribani wiki 6: milo zaidi ya 490, kukamua zaidi ya mara 320. Anayeshuka kila siku kutoka Mlima Kilimanjaro kumletea mama chakula atapanda gari mara 80 na ushei.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84. Wiki 6 ni nusu yake, imeishia wodini. Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2025, yanayomwongezea muda mama wa njiti, ni ya haki kabisa. Lakini mkulima wa migomba na muuza ndizi sokoni hawana mwajiri wa kuwapa likizo.

Kumweka mama karibu kunaokoa maisha. Utafiti wa mwaka 2021 katika hospitali za nchi tano, Muhimbili ya Tanzania ikiwemo, ulilinganisha watoto waliowekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa na waliosubiri kwanza hali itulie. Vifo vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7: katika kila watoto 1,000, 37 zaidi walipona.

Wachagga wanajua kumtunza mzazi kwa mtori na mapumziko ya miezi mitatu. Matunzo hayo yaanzie wodini. Hospitali impe kitanda kando ya mwanawe. Baba naye afungue shati ambebe mtoto kifuani, mama apate kulala.